Spana Mkononi au Fundi Mlangoni? Ulinganisho kwa Mwenye Gari Mwanza

Ukifungua boneti mbele ya nyumba yako Mkolani, dakika tano haziishi hujapata mafundi wanne. Wa kwanza ni dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria, wa pili anapita na beseni la dagaa kichwani, na kila mmoja ana jibu lake. "Hiyo plagi." "Plagi wapi, hiyo pampu ya mafuta!" Ukiwa mwanamke kama mimi, wa nne atakusogelea kwa sauti ya kukuonea huruma: "Dada, funga tu. Ita fundi."

Miaka mingi nilikuwa nafunga. Siku hizi sifungi, lakini sijawa fundi na sina mpango wa kuwa. Nina IST ya mwaka 2004, injini 1NZ ya lita moja na nusu, na kwa gari hilo moja nimepita njia zote tatu tulizonazo hapa mjini: kutengeneza mwenyewe uani, kumwita fundi aje nyumbani, na kulipeleka gereji likalale huko. Watu huniuliza ipi bora. Kwa gari zima sina jibu. Kwa kazi moja moja ninalo, na ndivyo nitakavyolinganisha hapa. Mwenye Probox, Raum au Fun Cargo atajikuta humu pia, maana mengi ya magari hayo yana injini za ukoo huo huo.

Kabla ya kushika spana najiuliza swali moja tu: nikikosea, kosa litajionyesha gari likiwa limesimama, au likiwa linatembea? Oili ikivuja nitaiona chini ya gari. Kichwa cha betri nisipokikaza vizuri gari haliwaki, basi, naanza upya. Lakini tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi, ambayo haikukazwa haitasema chochote uani. Itasema nikiwa nateremka kutoka Bugando na daladala liko mbele yangu. Kundi la kwanza nafanya mwenyewe hata kama mikono inatetemeka. Kundi la pili natafuta mtu aliyelifanya mara mia, kisha nasimama pembeni yake na tochi. Katikati kuna kazi chache ambazo zinaweza kuhama kutoka kundi la pili kwenda la kwanza ukizifundishwa vizuri, na breki za mbele ni mojawapo. Nitazifikia.

Kumwaga oili

Tuseme ukweli kuhusu pesa kwanza. Wengi huanza na oili wakidhani wataokoa. Hapa kwetu ukinunua oili na filta, mara nyingi duka lenyewe lina kijana wa kukumwagia kwa hela ya soda, au bure kabisa. Nusu saa umeondoka. Nyumbani unahitaji jeki, stendi mbili, spana namba 14, beseni, matambara, na asubuhi nzima kwa mara ya kwanza. Kwa upande wa mfuko duka linashinda, tena kwa mbali.

Bado nasema anza na oili, kwa sababu hakuna kazi nyingine ambayo kosa lake ni la wazi kiasi hicho.

Mara yangu ya kwanza nilifungua filta ya zamani vizuri, nikapaka oili kidogo kwenye raba ya filta mpya kama nilivyomwona fundi akifanya, nikaifunga kwa mkono mpaka ikagusa, nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Nikamimina oili. Nikawasha gari nikijisikia mtu wa maana. Hazikupita sekunde kumi nikamsikia mtoto wa jirani: "Anti, gari linakojoa!" Nikazima. Chini kulikuwa na ziwa jingine dogo, jeusi. Raba ya filta ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye injini, na mimi nikafunga filta mpya juu yake. Raba mbili hazikai pamoja. Presha ikija, zinasukumana na oili inapita.

Hasara yangu ilikuwa oili, filta niliyoiosha kwa aibu na kuirudisha, na mchanga wa kufunika uchafu kabla mwenye nyumba hajarudi. Injini haikudhurika kwa sababu nilikuwa pale pale. Kosa hilo hilo akilifanya kijana wa dukani, nawe umeshalipa na kuondoka, utaligundua Usagara taa nyekundu ikiwa imewaka. Tangu siku hiyo, kabla ya kufunga filta mpya napitisha kidole kwenye duara lote la chuma. Sijawahi kurudia.

Kuna jingine ambalo duka halikuambii. Injini ya 1NZ ukibadilisha na filta inakunywa lita 3.7. Kopo ni la lita 4. Nimekuta mara mbili kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepita alama ya juu kwa kuwa kijana alimimina kopo zima asibakize kazi. Nyumbani unamimina, unasubiri, unapima, unaongeza kidogo, na kinachobaki unakihifadhi.

Gereji nayo ina lake. Sitaji jina, lakini kuna mahali waliwahi kukaza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa spana iliyovishwa bomba ili iwe ndefu. Nati hiyo inataka nguvu ya nyutoni mita 38 hivi, yaani mkono mmoja kwenye spana ya kawaida, ikikaa unaacha. Walikaza kama wanafunga gurudumu la tipa. Safari iliyofuata ilitoka na nyuzi zake, nikanunua sampu nyingine. Nikiweka makosa hayo mawili mezani, langu na lao, langu ndilo lililokuwa rahisi.

Oili chafu usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba tunayokunywa yanatoka ziwani humo humo. Seremala wako ataipokea kwa mikono miwili ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Kama huna seremala, irudishe duka ulilonunua.

Uwanja wako ukoje?

Hapa ndipo wengi wanakosea kulinganisha. Wanajipima ujuzi, hawapimi uwanja. Mwanza ni mawe na miteremko. Kama umepanga juu kule Mabatini, na gari lako linalala kwenye ngazi ya ardhi ambayo hata sufuria ya chai haitulii, basi kazi yoyote ya kunyanyua gari haikuhusu hapo, hata uwe na cheti cha VETA. Pima hivi: weka chupa ya maji ikiwa imelala chini, imekingama mbele ya gari. Ikibingirika, gari nalo litataka kubingirika.

Watu wengi hawajui breki ya mkono inashika nini. Kwenye IST inashika matairi ya nyuma peke yake. Ukinyanyua nyuma, umeinyanyua na breki yenyewe. Gia ya P nayo inashika mbele, lakini ukinyanyua tairi moja la mbele, lile la hewani linazunguka na la chini linapata uhuru wa kutembea. Kwa hiyo kabari lazima, tena kwenye matairi yanayobaki chini. Kwa kabari, mawe yetu hayana mpinzani: chagua lenye pembe, si la mviringo.

Kwa kulala chini ya gari, jiwe halifai hata kidogo, na tofali la simenti ni baya kuliko jiwe, maana tofali halitoi onyo. Linapasuka mara moja. Nimemwona fundi aliyekuja nyumbani kwangu akipachika jiwe chini ya ubavu wa gari na kuingia chini huku anapiga mluzi. Nilimwomba atoke. Akacheka, akasema, "Dada, hili jiwe limekaa hapa tangu enzi za Mjerumani." Nikamwambia limekaa kwa sababu halikuwahi kubeba IST. Nilileta stendi zangu, akazitumia, na siku hizi akija anaziulizia mwenyewe.

Stendi mbili za chuma ndicho kitu cha kwanza ninachomwambia mtu anunue, kabla ya boksi la spana. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kubebea ni stendi. Na tairi la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari, likae hapo kama mlinzi wa pili.

Kwa wapangaji kuna mwenye nyumba pia. Doa la oili kwenye pevingi linaweza kukugharimu uhusiano mzuri kuliko pancha kumi. Tandika boksi la kartoni.

Gari linapomisi

Hii ndiyo kazi iliyonibadilisha, kwa hiyo nitakaa hapa.

Agosti 2025 nilikuwa narudi kutoka Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa na miezi miwili tu tangu lifunguliwe, na bado tulikuwa tunalipita kama watu wanaoingia ukumbini. Katikati ya zile kilomita 3 za daraja gari likaanza kutetemeka. Ukikanyaga mafuta linasita, linaruka, linasita. Taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Enzi za kivuko ningezima injini na kusukumwa na vijana. Darajani unaomba Mungu na kukanyaga polepole. Nilifika nyumbani.

Njia ya gereji naijua. Unaeleza, "linamisi," nao wanakuambia leta plagi nne, koili nne, osha nozeli, osha throto, tuone. Mara nyingi gari linapona, kwa sababu katika vyote hivyo kimojawapo ndicho kilichokuwa kibovu. Umelipia vitu kumi kuponya kimoja. Simlaumu fundi sana. Ana magari sita uani na mteja anayepiga simu kila saa. Kubadilisha vyote ni haraka kuliko kutafuta. Wewe nyumbani una gari moja na Jumapili nzima. Kwenye kazi za kutafuta, mwenye muda anamshinda mwenye ujuzi mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Injini hii ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Kila koili inashikwa na bolti moja ya spana namba 10 na koneka moja ya plastiki. Hakuna kinachohitaji jeki wala kulala chini. Nilifanya hivi: injini ikiwa imezimwa, nikachomoa koneka ya koili ya kwanza. Nikawasha, nikasikiliza kwa sekunde chache. Injini ikatetemeka zaidi ya awali. Maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, na sasa nimeiondoa. Nikazima, nikairudisha, nikahamia ya pili. Ikatetemeka zaidi. Ya tatu: hakuna badiliko lolote, kama vile sikuchomoa kitu. Basi ya tatu ndiyo ilikuwa imelala tangu mwanzo.

Mafundi wengi huchomoa koneka injini ikiwa inanguruma. Usiwaige, umeme wa koili ni mkali. Na usiliache gari lingurume muda mrefu koneka ikiwa nje, kwa sababu petroli inaendelea kuingia bila kuungua na inakwenda kuharibu kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Lakini silinda ya tatu kulala hakusemi kama kosa ni la koili au plagi. Nikabadilishana koili: ya tatu nikaiweka ya nne, ya nne ikaja ya tatu. Nikarudia jaribio. Sasa iliyolala ilikuwa ya nne. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili. Ungebaki pale pale kwenye ya tatu, ningechomoa plagi.

Nilikaa kwenye ndoo dakika nzima nikiitazama ile koili. Sikuwa nimetengeneza kitu bado, ila nilikuwa najua. Nikapanda bodaboda mpaka duka la spea nikiwa na ile mbovu mkononi kama sampuli, maana spea hapa usiende kwa maelezo, nenda na kitu chenyewe. Muuzaji akaniuliza, "Fundi kasema ulete ngapi?" Nikamwambia moja.

Kile kifaa kidogo cha kupachika chini ya usukani na kusoma kwenye simu kingeweza kunipa jibu hilo kwa dakika moja, ila gari langu lilikataa kuzungumza nacho. Baadhi ya magari ya Japani ya kipindi hicho yana tabia hiyo. Kabla hujanunua, azima cha mtu ukijaribu kwako.

Plagi nazo ni kazi ya nyumbani, kwa sharti moja zito: anza kuifunga kwa vidole, bila spana, mizunguko kadhaa. Ikigoma, itoe uanze tena. Kichwa cha injini ni aluminiamu, plagi ni chuma. Ukilazimisha, chuma kinashinda na kichwa cha injini kinaharibika nyuzi. Hiyo ndiyo siku utakayolala gereji.

Breki: hapa fundi aje kwako

Pedi za mbele ni kazi nyepesi ukiitazama. Unatoa tairi, unafungua bolti za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, unatoa pedi zilizokwisha, unarudisha pistoni ndani, unaweka mpya. Fundi hodari anamaliza pande zote mbili kabla chai haijapoa. Lakini kwa swali langu la mwanzo, kosa la breki linajionyesha wapi? Barabarani. Hivyo sikuanza peke yangu.

Nilimwita mzee mmoja wa Igoma, fundi wa siku nyingi, anayenisalimu "Mwangaluka, mwanangu", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata kama ni saa tisa alasiri. Tulikubaliana hivi: atengeneze upande wa kulia mimi nikitazama, kisha mimi nitengeneze wa kushoto yeye akitazama, nami nimlipe pesa yote kama angefanya yeye. Akanishangaa. "Unalipa ili ufanye kazi?" Nikamwambia ndiyo, ni ada ya shule.

Kwenye kulinganisha njia tatu, hii ya kati ndiyo watu wanaisahau. Gereji hutaruhusiwa kushika kitu, na hata ukisimama utaambiwa ukae kwenye benchi. Peke yako nyumbani hakuna wa kukushika mkono. Fundi aliyekuja kwako yuko kwenye uwanja wako na anatumia stendi zako. Muda ni wako pia. Kwa saa moja nilijifunza ambayo nisingeyapata kwa kutazama video mwezi mzima. Kalipa usiiache ining'inie kwa hosi yake. Ifunge kwa waya kwenye springi. Kabla ya kusukuma pistoni chungulia chupa ya maji ya breki, maana yatapanda na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Vumbi la breki usilipulize, lifute kwa kitambaa kibichi. Hili la mwisho nilimwambia mimi, na mzee, ambaye amepuliza vumbi hilo maisha yake yote, alinitazama tu.

Kisha likaja lile kubwa. Tulipomaliza nikaingia ndani ya gari nikitaka kuwasha. Akaweka kiganja kwenye boneti. "Kanyaga breki kwanza. Kanyaga tena. Tena." Mguu ulikwenda mpaka chini kabisa, kama nimekanyaga sponji. Mara ya tatu ukaanza kupanda, ya tano ukawa mgumu. Pistoni zilikuwa zimerudishwa ndani, na ule mkanyago wa kwanza haushiki kitu. Ukiufanyia barabarani umekwisha. Akasema anamjua mtu aliyeingiza gari kwenye duka la mangi siku hiyo hiyo ya kubadilisha pedi, na kilichomponza ni hicho tu.

Pedi za mbele sasa nafanya mwenyewe. Za nyuma hapana. Nyuma ya IST ni drumu, yenye shuu na springi ndogo ndogo zinazoruka mpaka kwa jirani, na ukikosea mpangilio hutajua. Kutoa upepo kwenye mabomba ya breki namwachia mzee pia, na wakati wa kuongeza maji ya breki nasoma kifuniko: kwangu ni DOT 3. Maji ya breki hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa stoo haina kazi.

Nati za tairi zinataka nyutoni mita 103. Vijana wa pancha wenye mashine ya upepo huzidisha mpaka huwezi kuzifungua njiani. Nikitoka kwao nazilegeza na kuzikaza upya mwenyewe.

Kazi ndogo ambazo hazistahili safari ya gereji

Betri, filta ya hewa, balbu, fyuzi, waipa. Hizi kumpelekea fundi ni kumpa mtu hela akufungulie soda. Betri: toa kichwa cha hasi kwanza, kirudishe mwisho. Mita ya umeme ya bei ndogo itakupunguzia ubishi: injini ikiwa imezimwa na gari limetulia, volti 12.6 betri imejaa, 12.0 iko taabani. Washa gari, ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 alteneta inachaji. Nimewahi kuuziwa betri mpya wakati mbovu ilikuwa alteneta. Mita ingenigharimu sehemu ndogo sana ya ile betri.

Filta ya hewa, kwa barabara zetu za vumbi za Buswelu na Buhongwa, itazame kila unapomwaga oili.

Maji ya rejeta yanahitaji neno. Mwanza iko juu. Uso wa ziwa lenyewe uko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Gari linajiokoa kwa sababu mfuniko wa rejeta unabana presha na kupandisha kiwango hicho. Mfuniko ukichoka, gari linachemsha kwenye kilima na watu wanaanza kulaumu gasketi ya hedi. Kubadilisha mfuniko ni kazi ya dakika moja, injini ikiwa imepoa kabisa. Ikiwa ya moto usiuguse; yule anayekuambia "fungua kidogo kidogo na tambara" hakuwahi kuungua.

Na faida moja tuliyonayo sisi wa kanda ya ziwa: maji yetu hayana chumvi. Bolti za magari yaliyokulia hapa hufunguka kwa heshima. Gari lililokaa Tanga au Dar karibu na bahari ni habari nyingine; hilo ukilinunua, hesabu bolti zitakazokatika mkononi, na kazi ninazosema ni nyepesi zinaweza kukushinda kwa kutu tu.

Zana: nini ununue, nini uazime

Usinunue boksi kubwa la vipande mia. Kwa gari la Toyota spana namba 10, 12, 14, 17 na boksi spana ya 21 ya nati za tairi zinafanya sehemu kubwa ya kazi zote nilizotaja. Ongeza boksi spana ya plagi ya 16, mita ya umeme, stendi mbili na tochi ya kuvaa kichwani. Spana ya kukazia kwa kipimo ni ghali, na kwa mwaka wa kwanza unaweza kuazima kwa fundi wako kama mmeelewana. Klampu ya kusukumia pistoni nimeazima kwa seremala, yule yule wa oili chafu.

Nunua spea kabla hujafungua gari. Baadhi ya vitu hapa havipo, vinatumwa kutoka Dar kwa basi, na gari lililokaa juu ya stendi siku tatu likisubiri basi linawavutia watoto wa mtaa mzima.

Ninavyoviacha

Mifuko ya hewa, ile yenye koneka za njano. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye haibridi, zenye volti zinazoua. Gesi ya AC. Cheni ya taimingi. Giaboksi sifungui, na hata kubadilisha oili yake nataka mtu anayejua kama ni otomatiki ya kawaida au CVT, ile ya mkanda, kwa kuwa oili zake haziingiliani. Mambo ya usukani na miguu, yaani boli jointi, tairodi, bushi, nampelekea fundi, ingawa kwa mawe ya barabara zetu ndiyo yanayokufa kila mara. Ninachofanya mimi ni kuyatambua: natikisa tairi lililonyanyuliwa, mikono juu na chini, kisha kulia na kushoto, na namwambia fundi mlegeo uko wapi. Hilo peke yake limepunguza orodha ya "leta na hiki".

Wiki hii shokapu ya mbele kushoto inagonga. Kuitoa si kazi, ila springi yake imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya, na kifaa cha kuibana sina. Jumamosi mzee wa Igoma anakuja nacho. Shokapu nimeshanunua mbili, kulia na kushoto, ziko chini ya kitanda. Tairi nitakuwa nimeshalitoa kabla hajafika.